Amri Isiyo na Tayamamu

Twaulizwa mara kwa mara na ndugu zetu, na swali huja kwa sura moja ingawa waulizaji ni wengi. Mtu aliyeambiwa mwaka wa 2020 akae nyumbani akatoka, aliyeambiwa avae barakoa asivae, aliyeambiwa asende matangani akenda, kisha akarudi na maradhi ya korona akamwambukiza mzee wake, naye mzee akafa: je, mtu huyo abeba dhambi ya roho ile? Baadhi ya wanaouliza wataka tuseme ndiyo, kwa kuwa wana majirani na jamaa waliowawekea kinyongo mpaka leo. Wengine wataka tuseme la, kwa kuwa wao wenyewe ndio waliotoka.

Sisi hatuoni kuwa swali hili laweza kujibiwa kwa neno moja. Si kwamba twaogopa kumuudhi mtu, bali swali lenyewe limeruka daraja. Kabla ya kuuliza kama mtu aliasi amri, yapasa kuuliza kama amri ilimkuta ana uwezo wa kuitii. Na ikiwa hakuwa nao, ni nani aliyekuwa na wajibu wa kumwezesha. Wala haya si mambo ya jana yaliyokwisha. Shirika la Afya la Ulimwengu lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba korona si dharura tena ya ulimwengu mzima. Haukupita muda, tarehe 31 Julai 2024, Serikali ya Kenya ikatangaza mgonjwa wa kwanza wa mpox, aliyegunduliwa mpakani Taveta, ambako ni njiani kuja kwetu pwani. Na kipindupindu chajulikana na kila mtu mzima wa miji hii. Basi swali hili litarudi, na ni afadhali likitukuta tumekwisha kulifikiri.

Tuanze na sharia yenyewe, kwani ndani yake mna kipimo ambacho wengi wetu tulikisoma chuoni tungali wadogo, kisha tukakiacha huko huko chuoni. Sala haisihi bila ya tohara, na asili ya tohara ni maji. Hiyo ni amri isiyo na mzaha. Lakini sharia haikuishia hapo ikamwacha asiye na maji ahisabiwe kuwa ni muasi; ilimwekea tayamamu. Tena wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafii hawakulipima jambo hili kwa kukisia. Waliuliza swali moja baada ya jingine. Maji yako umbali gani? Njiani mna adui au mnyama mkali? Maji yauzwa: ni kwa bei yake ya kawaida, au yamepandishwa? Yakiwa yamepandishwa, hakulazimishwa kuyanunua. Fedha anazo, lakini ndizo za chakula cha watu wake: hakulazimishwa pia. Maji yenyewe anayo mkononi, ila yahitajiwa kwa kiu, iwe ya mtu au hata ya mnyama wake: na anywe, na amnyweshe mnyama wake, kisha atayamamu. Hata haya ya mtu ilitiwa mizanini, kwani walisema kuwa akipewa maji bure na ayapokee, lakini akipewa fedha za kununulia maji halazimiki kuzipokea, kwa sababu masimango ya fedha ni mazito kuliko masimango ya maji.

Hebu na tuyazingatie hayo. Amri tukufu kama ya sala ilifasiriwa kwa kuhisabu bei, na njia, na kiu, na haya ya mwanadamu. Twauliza basi: zile amri za kinga tulizopewa, nawa mikono, kaa mbali na mwenzio, usitoke nyumbani, jitenge ukiumwa, zilikuja na tayamamu gani?

Na tukumbuke mambo yalivyokwenda, maana watu wamekwisha kuyachanganya. Khabari ya mgonjwa wa kwanza hapa Kenya ilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Kabla ya mwezi ule kwisha nyumba za ibada zilikuwa zimefungwa, na tangu tarehe 27 watu wakakatazwa kutoka majumbani kuanzia saa moja ya usiku mpaka saa kumi na moja ya alfajiri. Tarehe 8 Aprili ikapigwa marufuku kuingia na kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale. Tarehe 6 Mei, katikati ya Ramadhani, Mji wa Kale wa Mombasa ukafungwa, na mtaa wa Eastleigh huko Nairobi ukafungwa pamoja nao. Misikiti haikufunguliwa illa mwezi wa Julai, tena kwa watu wasiozidi 100 na kwa muda usiozidi saa moja. Aliyeonekana bila ya barakoa aliweza kutozwa faini ya hadi shilingi 20,000, au kufungwa hadi miezi sita.

Amri zenyewe hatuzitii kasoro kwa upande wa utabibu. Maradhi yale yalipita kwa pumzi, na watu wakitengana pumzi hazikutani. Hilo ni la kweli, na anayelipinga hana hoja. Lakini mtu aweza kuikubali hoja kwa akili yake yote, kisha akashindwa kuitenda kwa sababu ya ukubwa wa chumba chake.

Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, kama zilivyo nyingi Majengo na Kisauni na Likoni, ina ukumbi mmoja katikati, vyumba vitatu kuume na vitatu kushoto, na nyuma mna ua, na choo, na mahali pa kupikia. Katika nyumba nyingi kila chumba kina mpangaji wake, na mpangaji ana mke na watoto, na pengine na mama yake. Mwambie mtu wa nyumba hiyo kuwa akishikwa na homa ajitenge chumbani peke yake. Chumba kipi? Mwambie asikaribiane na watu hatua mbili, na ukumbi wenyewe hauna upana huo. Mwambie anawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20, mara nyingi kwa siku, katika mji ambao maji yake hutoka mbali, Mzima na Baricho, wala hayautoshi, mifereji ikakauka siku kadha wa kadha, na maji yakanunuliwa kwa mtungi kwa wachuuzi wa mikokoteni. Mama mwenye mtungi mmoja wa lita 20, anaotaka kuupikia, na kuunywesha, na kumwoshea mtoto, hakuwa mjinga alipoacha kunawa mara kumi. Alikuwa akifanya hisabu ile ile waliyoifanya mafakihi wetu, kwamba kiu hutangulia.

Kisha kuna huyu wa kibarua, mchukuzi wa bandarini, msukuma mkokoteni, muuza kahawa, mama wa vitumbua. Huyu mshahara wake ni wa kutwa. Hajui asubuhi kama jioni watakula, na hajui jioni kama asubuhi atapata kazi. Kumwambia akae nyumbani siku 21 ni kumwambia ama asile ama ale kwa mkono wa mtu. Wala tusiwanyime haki yao waliotenda wema: Serikali ya Kaunti iligawa vyakula, na matajiri kadha wa mji walitoa, na vijana wa mitaa walibeba magunia vichwani mwao katika mwezi wa saumu. Lakini tulimwona pia yule aliyetoa kibaba cha unga akataka kupigwa picha na mpokeaji. Tumekwisha kusema walivyosema mafakihi juu ya masimango. Wapo watu waliolala na njaa kuliko kusimama katika picha ile, na wapo waliotoka usiku kwenda kutafuta riziki kwa sababu hiyo hiyo, nao wakahisabiwa kuwa ni wakaidi.

Na kivuko cha Likoni kitupe mfano ulio wazi zaidi. Ijumaa ile ile kafyu ilipoanza, tarehe 27 Machi, watu walijaa kivukoni alasiri wakifanya haraka kurudi makwao kabla ya saa moja. Amri ilikuwa ni kuwahi, nao walikuwa wakiwahi. Askari wakawapiga kwa marungu na kuwarushia moshi wa kutoa machozi, wakawalaza chini, wamelaliana, wakikoholeana. Watu walioamrishwa watengane walilundikwa na wale wale walioamrishwa kuwatenganisha. Kivuko hicho huvusha malaki ya watu kwa siku, na wakati ule anayekaa Likoni akafanya kazi kisiwani hakuwa na njia nyingine iliyo karibu. Mapema mwaka wa 2021 watu walianza kupita kwa miguu juu ya daraja la kuelea la Liwatoni, lililojengwa ili kupunguza msongamano ule, na kwa siku zile daraja hilo ndilo lililokuwa tayamamu ya kivuko. Lilihitaji miezi, na fedha, na watu wa kufikiri. Rungu halikuhitaji chochote, ndiyo maana likatangulia.

Kutoka hapo twafika kwenye kizuizi kilicho kikubwa kuliko umasikini, nacho ni kutoaminiana. Karantini asili yake ni tiba na kinga, lakini katika majuma yale ya mwanzo waliokamatwa kwa kuvunja kafyu walichukuliwa wakatiwa karantini, kana kwamba ni adhabu. Tena waliotiwa humo wakatakiwa wajilipie wenyewe, mpaka mwezi wa Mei, baada ya malalamiko mengi, Serikali iliposema itabeba gharama katika vituo vyake. Sasa wewe ukiumwa kichwa na kukohoa, na jirani yako amechukuliwa kwa gari, watu waliovaa nguo nyeupe mwili mzima, mtaa mzima ukitazama, kisha akaandikiwa deni, je, utajitokeza? Utakunywa tangawizi na ukae kimya. Jela na hospitali zikitiwa katika nyumba moja, watu wataikimbia hospitali. Hapa ukanda wetu una ushahidi wa ajabu: kisiwa cha Changuu, mkabala na mji wa Unguja, kilijengewa gereza mwaka wa 1893, gereza halikupata kutumiwa kwa kazi hiyo, likageuzwa kuwa karantini ya abiria wa majahazi na meli, na mpaka leo wageni wakiita kisiwa cha gereza. Jina la kufungwa limelifunika jina la kutibiwa kwa zaidi ya miaka mia.

Ndipo Mji wa Kale ulipofungwa, na madaktari wakaja kupima, wengi hawakutaka kujitokeza. Watu wa mbali walishangaa. Wakasema watu wa pwani ni wabishi, hawana elimu, wameshikwa na itikadi. Lakini msikilizaji hasikilizi maneno peke yake. Humtazama na anayeyasema. Mwezi wa Novemba 2014 askari walivamia misikiti hapa Mombasa, na misikiti minne ikafungwa. Miaka mitano na miezi kadha baadaye sauti ile ile ikaja kusema: fungeni misikiti, ni kwa faida yenu. Safari hii ilikuwa kweli. Lakini mwenye kumbukumbu alikosa nini alipositasita? Na zaidi ya hayo, mwezi wa Agosti 2020 nchi nzima ilisikia kwamba manunuzi ya vifaa vya korona ya shilingi bilioni 7.8, yaliyofanywa na KEMSA, yanachunguzwa kwa bei zilizopandishwa. Na mwaka ule ule wakubwa waliotufundisha kutengana wakakusanya maelfu katika mikutano ya siasa, mpaka mwezi wa Novemba ikabidi mikutano hiyo ipigwe marufuku. Mwananchi alipoona hayo akasema: ikiwa wao hawaogopi, basi hakuna cha kuogopwa. Alikosea, kwa sababu virusi havifuati mfano wa wakubwa. Lakini kosa lake lina baba, na baba huyo hakukaa Kibokoni.

Sasa tuje kwa wale waliosema kuwa kujikinga ni upungufu wa imani. Hawa wametulaumu sana, na baadhi yao ni watu wema, wacha Mungu, kwa hivyo hatutawajibu kwa kejeli. Hoja yao ni ya zamani kuliko wao. Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa akienda Sham akafika Sargh, aliletewa khabari kuwa tauni imeingia katika nchi iliyo mbele yake. Akawashauri Muhajirina, wakakhitalifiana. Akawashauri Ansari, wakakhitalifiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, wakamwambia arudi na watu. Alipoazimia kurudi, Abu Ubaida (R.A.) ndiye aliyemkabili na kumuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamfahamisha kuwa kuondoka nako kumo ndani ya kadari, akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyeteremkia bonde lenye upande wa majani na upande mkavu: popote atakapochunga hachungi nje ya kadari. Kisha Abdurrahman bin Auf (R.A.) akaja na hadithi ya Mtume (S.A.W.) ya kuwa penye tauni msiingie, na ikiwakuta mahali msitoke kwa kuikimbia.

Tuangalie ni nani aliyeuliza. Hakuwa mjinga wala mkaidi; alikuwa mmoja wa masahaba wakubwa kabisa. Wala Umar hakumpiga kwa sababu ya swali lake. Alimjibu kwa mfano wa kitu anachokijua. Abu Ubaida alirudi kwa jeshi lake, akafa kwa tauni ile ya Amwas, mwaka wa 18 wa Hijra. Mwenye swali la imani hustahili jibu la imani, na mwaka wa 2020 wengi wa waliokuwa na swali hilo walijibiwa na askari.

Na ile sehemu ya pili ya hadithi, ya kutotoka, Imamu Ghazali aliitafutia sababu akasema kuwa lau wazima wote wangeruhusiwa kukimbia, wagonjwa wangebaki bila ya wa kuwauguza. Maneno haya twayaona ni ya thamani kubwa. Kumbe amri ya kukaa ndani ya mji uliofungwa haikukusudiwa kuwafungia watu mlango wafe humo. Imejengwa juu ya huduma. Anayeambiwa akae yuko pamoja na anayeambiwa amhudumie. Ukichukua nusu ya kwanza ukaiacha ya pili, umebakiwa na gereza.

Waliotaka misikiti isifungwe kwa hoja kuwa dua ya jamaa ndiyo kinga, nao wana la kusoma. Ibn Hajar al-Asqalani, ambaye hapana mwanachuoni wetu asiyetegemea kazi yake, alifiwa na binti zake kwa tauni akaandika kitabu kizima juu ya tauni. Ameeleza kuwa katika tauni ya Kairo ya mwaka wa 833 wa Hijra, waliokuwa wakifa kwa siku walikuwa chini ya 40. Watu wakafunga saumu, wakatoka wote jangwani kuomba pamoja, na kabla ya mwezi kwisha waliokufa kwa siku walizidi 1,000. Alikuwa ni mtu wa hadithi, si mtu wa hospitali, na hakuyaficha aliyoyaona kwa kuwa hayakupendeza. Dua haina lawama. Lawama ni ya kuidhania dua kuwa yataka lazima mabega yagusane.

Hata hivyo, twafikiri kuwa kizuizi kilichowashinda watu wengi zaidi hakikuwa umasikini, wala shaka, wala itikadi, bali ni mapenzi. Kinga ya maradhi yale ilitutaka tuache mambo ambayo tangu utoto tumefundishwa kuwa ndiyo utu: kumpa mkono mwenzio, kumzuru mgonjwa, kukaa na wafiwa, kumwosha maiti kwa mikono ya jamaa zake, kulifuata jeneza. Anayekwambia uache pombe akwambia uache ubaya. Huyu alikwambia uache wema. Mwanamke aliyejipenyeza kwenda kumwona shoga yake mgonjwa hakwenda kwa ukaidi. Kwa mtu huyo kumkaripia hakufai kitu, kwa sababu moyoni mwake yuaona kuwa anayemkaripia ndiye aliyepungukiwa na adabu.

Na haswa juu ya maiti. Mwezi wa Aprili 2020, huko Siaya, maiti mmoja alizikwa usiku wa manane na watu waliovaa nguo nyeupe, pasipo heshima wala jamaa wa kutosha, na picha zake zikaenea Kenya nzima. Mazishi yakapunguzwa yasizidi watu 15. Muislamu aliyeziona picha zile alijiuliza swali moja tu: mzazi wangu akifia hospitali, nani atamwosha? Hofu hiyo peke yake ilitosha kumfanya mtu amfiche mgonjwa chumbani. Lakini jibu lilikuwapo, tena lilikwisha kupatikana kwa gharama ya damu. Katika maradhi ya ebola ya Guinea, Sierra Leone na Liberia, baina ya 2014 na 2016, waliambukizwa watu zaidi ya 28,000 na wakafa zaidi ya 11,000. Mwanzoni maiti walichukuliwa na wageni wakazikwa kwa haraka bila ya jamaa zao. Watu wakaficha wagonjwa, wakazika usiku, na mwezi wa Septemba 2014 katika kijiji cha Womey, Guinea, watu wanane waliokwenda kufundisha kinga waliuawa. Mwaka ule ule Shirika la Afya la Ulimwengu likakaa na viongozi wa dini, na utaratibu mpya ukatoka: jamaa washuhudie kwa mbali, imamu asalie, na maiti wa Kiislamu afanyiwe tayamamu na kukafiniwa na watu waliovaa nguo za kujikinga. Neno lenyewe ni lile lile tulilolianza. Kilichowashinda watu kilipopewa badala yake, wengi walikubali.

Hapa kuna atakayetupinga akasema: mmewafungulia watu mlango, sasa kila mtu atakuwa na udhuru wake. Pingamizi hili lina nguvu, na jibu lake limo katika tayamamu yenyewe. Haijuzu mpaka umetafuta maji, wala haitoshi kusema nilidhani hayapo. Maji yakipatikana kabla ya kusali, tayamamu imebatilika. Na aliye na maji tele ndani ya nyumba yake, mzima, hana dharura, kisha akapapasa udongo kwa uvivu, huyo hana sala.

Basi huyu ndiye tunayemtia hatiani pasi na kusita. Mwenye nyumba ya vyumba vingi na akiba ya miezi, aliyefanya arusi ya siri ya watu mia mbili na kuwapa kazi wapishi ambao hawangeweza kukataa. Mwajiri aliyejua kuwa mfanyakazi wake ana homa akamwambia asipokuja asirudi tena. Msomi aliyekwisha kuchanjwa yeye na watoto wake, kisha akanyamaza akiwasikia wafuasi wake wakiambiwa kuwa chanjo yakata uzazi. Na yule aliyeueneza uwongo huo naye hana hata neno la daktari mmoja la kuegemea. Chanjo za kwanza zilifika Kenya tarehe 3 Machi 2021, zaidi ya dozi milioni moja, na kuanzia hapo kwa mzee wa mjini aliye karibu na kituo, maji yalikuwa yamekwisha kupatikana. Aliyezikataa baada ya kufahamishwa na mtu anayemwamini, hisabu yake ni yake. Aliyezikataa kwa kuwa hakuna aliyekwenda kumfahamisha kwa lugha yake na kwa upole, hisabu yake ina washirika.

Kwa hivyo, kwa yule aliyeuliza juu ya jirani yake aliyetoka akarudi na maradhi, twasema: tuambie kwanza alitoka kwenda wapi, na nyumbani kulikuwa na nini. Akiwa alitoka kutafuta unga, na wewe mwenye unga ulikuwa ukuta wa pili, swali lako hilo litakurudia. Kinga ya mji ni katika fardhi za kutoshelezeana: wakiisimamisha wanaotosha, wengine wamesalimika, wasipoisimamisha, dhambi ni ya kila aliyekuwa na uwezo. Asiye na uwezo hayumo katika hisabu hiyo.

Limebaki jambo moja ambalo baadhi ya wafanyabiashara wametaka walijue. Kibarua ni mtu mzima, mwenye nguvu, na mwenye nguvu wa kujichumia hapewi zaka. Je, akifungiwa ndani kwa amri, yafaa apewe? Yafaa. Mwenye nguvu aliyekosa kazi hukumu yake katika madhehebu yetu ni ya fakiri, na aliyezuiwa asiende kazini amekosa kazi. Apewe cha kumtosha na watu wake kwa siku za kufungwa kwa uchache, na apelekewe mlangoni pasi na kamera. Zaka ya mali yafaa kutangulizwa kabla ya mwaka kutimia, ikiwa mali imefika nisabu. Ama zakatulfitri, wengi hudhani haitolewi mpaka mwezi uandame, na sivyo: kwa Imamu Shafii yafaa tangu usiku wa kwanza wa Ramadhani. Mji wa Kale ulifungwa tarehe 6 Mei, na Idi ilikuwa bado majuma mawili na zaidi. Pishi za mchele zingaliweza kuingia Kibokoni na Kuze jioni ile ile.